Majina Thelathini na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Shikamoo Kaka,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima wa mwili tu, kichwa kimevurugika. Ile kompyuta ya zamani hapa kituo cha vifaranga, iliyokuwa ikiendesha programu yako tangu siku ya kwanza, ilizima wiki iliyopita na haikuwaka tena. Wameleta nyingine. Hiyo ina kila kitu kipya mpaka kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa programu, na kompaila ya zamani haikubali kabisa kukaa humo. Nikasema si neno, nitaijenga upya programu ya Kaka, nusu saa nimemaliza. Leo ni siku ya nne.

Kila faili linapita vizuri. Nikifika hatua ya mwisho, pale kiunganishi kinaposhona vipande vyote viwe programu moja, naambiwa majina thelathini na saba hayajulikani. Yote ni ya lile faili lililofungwa ulilotukabidhi, ambalo ndilo moyo wa kazi nzima. Meneja aliniuliza maana yake nikamwambia, "Ni kama kusoma orodha ya watu kwenye foleni, na thelathini na saba hawaitiki." Akaniuliza, "Wamekwenda wapi?" Nikageukia skrini kuwatafuta tena. Kwa sababu wapo, Kaka! Nimeorodhesha majina yaliyomo ndani ya faili lako na nimeyaona kwa macho yangu: geuza_trei, pima_joto, piga_kengele. Mimi nayaona, kiunganishi hakiyaoni. Nani kati yetu ni kipofu?

Joto la viatamizi linajiendesha lenyewe, lakini trei zinageuzwa kwa mkono kila saa, mayai elfu sita, kwa zamu. Mama wa zamu ya asubuhi ameshafunga bandeji kiwiko. Yai lisipogeuzwa, kifaranga hugandana na ganda akafia humo humo.

Naomba msimbo wa lile faili, yaani maandishi yenyewe kabla hujayafunga, niujenge upya kwa kompaila hii. Meneja anakusalimu sana. Anasema sherehe ya miaka kumi ya kituo ni Juni na wewe ndiye mgeni wa heshima.

Mdogo wako,
Kitinda


Jumanne, 5 Machi

Marahaba mdogo wangu,

Umenichekesha na foleni yako. Usihangaike, hayo ni mambo madogo. Futa vyote vilivyojengwa uanze upya, halafu pindua mpangilio wa mafaili, la mwisho liwe la kwanza. Likiendelea kugoma, kagua kipande cha pima_unyevu. Nilikiandika kwa haraka, na ndicho kikorofi.

Msimbo wenyewe sinao. Ulikuwa kwenye diski iliyopotea nilipohama nyumba. Lakini hutauhitaji. Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wanayamaliza matatizo ya aina hii kabla ya chai. Mwambie Meneja nimeshanunua suti.

Kaka yako


Jumatano, 6 Machi

Kaka,

Nimefanya kama ulivyosema. Majina yasiyojulikana yamefika mia mbili na kumi na mawili. Nimerudisha mpangilio wa kwanza, yamerudi thelathini na saba, nami nimejikuta nikiyafurahia kama ndugu waliopotea.

Kitu kingine kinanichanganya. Kipande cha pima_unyevu hakipo. Nimetafuta mara tatu, nikaenda kunawa uso, nikatafuta tena. Hapa unyevu unapimwa kwa kifaa cha ukutani, na karani anauandika kwa kalamu tangu kituo kifunguliwe. Labda umechanganya na kazi nyingine?

Jana tumepoteza trei mbili. Zamu zilipopishana, kila mmoja alidhani mwenzake amegeuza. Meneja hakunifokea, bora angefoka. Alisimama tu mlangoni kwangu, akauliza, "Kaka yako anajua?" Nikasema unajua. Unajua, sivyo?

Kitinda


Alhamisi, 7 Machi

Mdogo wangu,

Leo nina madarasa manne na kikao. Miaka kumi si jana, jina la kipande kimoja likinitoka si kesi. Msimbo nimekuambia haupo, ile diski iliungua. Tafuta namna ya kuweka kompaila ya zamani, hata kwa kuilazimisha.

Na usimsumbue mtu mwingine kwa jambo hili. Ni letu sisi wawili.

Kaka


Jumamosi, 9 Machi

Wifi,

Najua barua hii itakushangaza. Tangu wewe na Kaka mtengane, huu mwaka wa nne, sijakuandikia hata mstari mmoja. Sina la kujitetea. Pacha hawajambo? Mwaka huu si wanatimiza kumi?

Nakuandikia kwa sababu nimeona kitu, na sijui nimeona nini.

Programu ya Kaka ya hapa kituoni imekataa kuunganika na kompaila mpya. Kaka alisema msimbo ulipotea alipohama. Siku mbili baadaye akasema uliungua. Nikaamua kulipekua lile faili lililofungwa, maana faili la aina hiyo hubaki na alama za mahali lilipotengenezwa. Nikakuta njia ya folda, na ndani ya njia hiyo jina la mwenye kompyuta. Limeandikwa mamapacha.

Mtu mwingine anayeitwa Mama Pacha simjui. Tarehe ni ya Agosti ya mwaka waliozaliwa pacha, wakati wale watoto walikuwa na wiki tisa.

Nimewaza labda Kaka aliazima kompyuta yako. Nimewaza na mengine pia. Hatimaye nimeona nikuulize mwenyewe kuliko kuendelea kukaa na mawazo yangu ofisini.

Wifi yako,
Kitinda


Jumapili, 10 Machi

Kitinda,

Pacha hawajambo.

Kwanza niambie ni nani aliyekutuma. Kama ni yeye, mwambie ninazo simu na anwani, ana mikono na ana mdomo. Kama hujatumwa, ninakilie jina la kwanza kati ya hayo yasiyojulikana, herufi kwa herufi, pamoja na takataka zote zilizobandikwa kwake. Usilisafishe.

Mama Pacha


Jumapili, 10 Machi, jioni

Wifi,

Sijatumwa. Kwa kweli nimekatazwa.

La kwanza ni geuza_trei. Ndani ya faili lililofungwa limeandikwa geuza_trei, halafu herufi za kuonyesha kwamba linapokea maandishi. Kiunganishi kinatafuta geuza_trei hilo hilo, lakini katikati pamechomekwa cxx11. Nilidhani ni uchafu tu. Nimeyakagua yote thelathini na saba sasa hivi. Thelathini na sita yana hiyo cxx11. Moja halina, linaitwa kumbuka_upande, na hilo hata ndani ya faili lililofungwa silioni.

Wifi, ni wewe?

Kitinda


Jumatatu, 11 Machi

Kitinda,

Ni mimi.

Tuanze na kazi, kwa sababu mayai hayangoji watu wazima wamalize mambo yao. Si wewe uliye kipofu, wala kiunganishi si kipofu. Kompaila mpya imebadilisha umbo la maandishi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, na ili watu wasichanganye umbo la zamani na jipya, kila kazi inayopokea maandishi inabandikwa alama kwenye jina lake. Geuza_trei niliyoiandika mimi haina alama, maana kompaila ya siku zile haikuwa nayo. Kwa hiyo mtu ni yule yule, ila wewe unamwita kwa jina la ukubwani na yeye bado anaitikia la utotoni.

Ipo swichi moja ya kuiambia kompaila mpya itumie majina ya zamani. Nimekuandikia chini. Ijaribu ili ujue kwamba sikudanganyi, kisha izime. Usijenge nyumba juu yake. Msimbo wote nimekuambatishia. Haukupotea wala haukuungua. Ulikuwa kwenye droo yangu, chini ya kadi za chanjo za watoto.

Sasa hayo mengine. Kaka yako alikuwa akienda kituoni, anarudi, ananieleza walichokitaka. Mimi niliandika, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mapajani. Tulikubaliana kwamba yeye atasema na Meneja kwa kuwa mimi sikuweza kutoka. Hilo halikuniuma hata kidogo. Kilichoniuma ni siku ya kukabidhi. Alirudi amejaa furaha, akaniambia, "Walinipigia makofi." Nilingoja ajirekebishe. Nilingoja miaka sita, Kitinda, halafu nikafunga mizigo.

Sasa naandika programu za mizani za madukani. Jina langu lipo kwenye kila moja, nyuma, kwa herufi ndogo. Linanitosha.

Mama Pacha


Jumanne, 12 Machi

Wifi,

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyohitaji kwa ajili ya swichi.

Mama alikuwa akisema kwamba unashinda kwenye kompyuta na mume hana wa kumtengea chakula. Mimi ndiye niliyekubandika lile jina, Bi Kioo, kwa ajili ya kioo cha kompyuta. Nilikuwa nacheka nalo mezani huku Kaka amekaa pale pale anakula. Naye alicheka. Nikikumbuka kicheko chake natamani niingie chini ya meza. Nisamehe.

Kazi imekwenda hivi. Swichi ilifanya kama ulivyosema, majina thelathini na sita yakaitika kwa mkupuo. Nikaizima, nikajenga msimbo wako mwanzo mpaka mwisho, yakaitika tena. Nilikuwa nimeshanyanyuka kwenye kiti kumfuata Meneja, ndipo nikaona mstari mmoja umebaki. Ni kumbuka_upande. Nimetafuta kwenye mafaili yako yote. Linaitwa mara tatu, halipo popote. Umelisahau?

Tumepoteza trei nyingine leo.

Kitinda


Jumanne, 12 Machi, mchana

Kitinda,

Sijalisahau. Hilo si langu. Ni la kaka yako.

Kila umeme ulipokatika, programu ilikuwa ikianza upya bila kujua trei zimelala upande gani. Mimi hilo halikunijia akilini. Yeye ndiye aliyekaa huko kituoni siku nzima, akaona wafanyakazi wanavyopapasa trei wakati taa zikirudi, akaja nyumbani akaliandika mwenyewe. Mistari kumi na minne. Alilifunga kwenye faili lake la pembeni, nadhani lilikufa na ile kompyuta yenu.

Naweza kuliandika upya kwa nusu saa. Sitaliandika. Sikufanyii ukatili, wala sichezi na mayai ya watu. Lakini kazi ya mtu mwingine kuipitisha kwa jina langu siwezi, na wewe unajua kwa nini. Mwombe. Kesho jioni akiwa hajajibu, niambie, na hapo nitaandika yangu tofauti, kwa jina tofauti.

Mama Pacha


Jumanne, 12 Machi, jioni

Kaka,

Ulinikataza kumsumbua mtu nami nimemsumbua. Nimeandikiana na wifi. Msimbo ninao, najua ni wa nani, na najua ulikuwa kwenye droo miaka yote.

Sikuandikii kukusuta. Sijui hata nina hasira au nina nini. Tangu nasoma shule nilikuwa nikiwaambia watu, "Kaka yangu ndiye aliyetengeneza ile programu." Nilichagua kazi hii kwa sababu yako. Sasa sielewi nilimfuata nani.

Lakini limebaki jina moja, kumbuka_upande, na wifi anasema hilo ni lako kweli. Amesema mwenyewe, bila kulazimishwa, kwamba yeye halikumjia akilini. Kama unalo, litume. Kama huna, sema huna. Safari hii lisiungue wala lisipotee, tafadhali. Kesho jioni ndiyo mwisho.

Kitinda


Jumatano, 13 Machi

Mdogo wangu, na Mama Pacha,

Nawaandikia wote wawili barua moja ili nisipate nafasi ya kusema hivi kwa huyu na vile kwa yule.

Faili nimeliambatisha. Ninalo. Nimehama mara tatu na kubadilisha kompyuta nne, na kila mara lilikuwa la kwanza kunakiliwa. Kila nilipopigiwa makofi, nikifika nyumbani nililifungua nikasoma mistari yangu kumi na minne, nijiridhishe kwamba na mimi nimo.

Kitinda, pima_unyevu halikuwahi kuwepo. Nilibahatisha. Nilidhani kituo cha vifaranga hakikosi kupima unyevu. Uliponiambia halipo nilikaa darasani mbele ya wanafunzi nikashindwa kukumbuka nilikuwa nafundisha nini.

Mama Pacha, siku ile nilikusudia kusema. Meneja alinishika mkono, akasema, "Kijana, una kichwa," na mimi nilikuwa sijawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Nikasema nitamrekebisha kesho. Kesho yake nikaona aibu ya jana. Kila siku iliyopita iliongeza bei ya kusema, na wewe ulikuwa umenyamaza, nami nikajidanganya kwamba kunyamaza kwako ni ruhusa. Haikuwa ruhusa. Nilijua.

Asubuhi hii nimemwandikia Meneja. Nimemweleza nani aliandika nini, pamoja na idadi ya mistari. Nimemwomba asiniite mgeni wa heshima. Kesho nitawaambia na wanafunzi wangu, kwa sababu nimekuwa nikiwafundishia programu hiyo kama yangu.

Sijui mtu anaombwaje radhi ya miaka kumi kwa barua moja. Siombi kurudiwa wala kujibiwa. Naomba tu mayai yageuke.

Kwako Kitinda, ni kaka yako.
Baba Pacha.


Alhamisi, 14 Machi

Kaka, na Wifi,

Hakuna jina lisilojulikana. Nimeujenga msimbo mara mbili kwa sababu ya kwanza sikuiamini.

Saa nne kamili asubuhi trei zote zilijigeuza zenyewe, zile za kulia kwanza, halafu za kushoto. Watu wa zamu walikuwa wamejipanga tayari kushika mikono ya chuma, wakabaki mikono imening'inia. Mama mwenye bandeji akapiga makofi, akasema, "Aisee!" na papo hapo akashika kiwiko. Baadaye nikachomoa waya wa umeme makusudi. Nilipouchomeka tena, trei zikaendelea pale zilipoishia. Mistari kumi na minne hiyo.

Meneja amesoma barua ya Kaka mara mbili akiwa amesimama, kisha akaketi, akasoma ya tatu. Akaniuliza, "Kwa hiyo huyu bwana tuliyempa cheti ni nani?" Nikamwambia ni mwandishi wa kumbuka_upande. Akasema, "Na huyu mama tumempa nini?" Nikasema hamjampa kitu. Akaniomba anwani ya wifi. Nimempa. Wifi, kama nimekosea niambie.

Kaka, bado sijui nina hasira au sina. Nikijua nitakuandikia. Lakini shikamoo.

Kitinda


Jumatano, 20 Machi

Wifi yangu,

Hujakosea. Meneja wako ameniandikia barua ndefu yenye "samahani" saba. Watoto ndio waliozihesabu. Anataka cheti kipya kiandikwe, majina mawili, langu kwanza. Nimemjibu kwamba nakubali, na kwamba jina la pili lisiachwe.

Nimekubali nikiwa sijui najisikiaje. Kwa miaka minne nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno yangu, nimeyapanga, mengine nilikuwa nayasema peke yangu nikifua. Kisha anakuja mtu anasema "nilijua," basi, na maneno yangu yote yamekosa pa kwenda. Nimeisoma ile barua yake kazini, katikati ya mizani ishirini zinazongoja kupimwa, nikapima moja mara tano na kila mara nikaandika uzito tofauti. Bosi wangu akaniambia nenda nyumbani. Sikwenda. Nyumbani ningefanya nini?

Sijamjibu. Nimeanza mara mbili. Ya kwanza ilikuwa kali mno, ya pili ilikuwa laini mno, na zote mbili zilikuwa kweli.

Kuna jambo moja sijawahi kumwambia mtu. Sijawahi kukanyaga hicho kituo. Niliandika jinsi ya kugeuza mayai elfu sita kwa kusimuliwa tu. Sijui trei ina urefu gani, sijui panasikikaje zinapogeuka, sijui kama kuna harufu. Meneja anasema kundi la mayai lililopo litaanza kupasua ganda kesho kutwa, Ijumaa, na anatualika. Nimeomba ruhusa kazini. Tutakuja na pacha, basi la asubuhi. Utatupokea?

Kaka yako usimwambie. Au mwambie. Kwa kweli sijui, Kitinda. Jana jioni nilipita nje ya chumba cha watoto nikawasikia kwenye simu, wananong'ona, wanamwelekeza mtu: basi la saa mbili, Ijumaa, ushuke kituo cha mwisho. Mmoja akasema, "Mama hajui." Nikauvuta mlango taratibu usilie, nikarudi sebuleni kupiga pasi nguo za safari.

Wifi yako